Maumivu ya Viungo: Jina la Ugonjwa Kabla ya Dawa

Mazungumzo na wakazi wa Butimba, Mwanza

 

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hufahamika zaidi kwa ukaguzi wa maduka na kwa kuondoa sokoni dawa zilizokwisha muda. Leo nitazungumzia jambo linaloanza kabla ya hapo: mtu ameamka goti limevimba, naye anamtuma mtoto dukani akanunue "dawa ya miguu". Dawa ya jina hilo haipo. Goti huuma kwa sababu nyingi, na dawa inayofaa kwa sababu moja huweza kudhuru kwa nyingine.

Lugha yetu nayo imechangia mkanganyiko. Kila ugonjwa wa maungio tumeuita baridi yabisi, jina linalotokana na utabibu wa kale uliopanga magonjwa kwa baridi na joto, ukavu na unyevu. Ndiyo maana mvuvi wa hapa ziwani huambiwa kuwa upepo wa usiku umemwingia mifupani. Baridi huweza kuyafanya maumivu yahisike zaidi, lakini si upepo wa ziwa unaoharibu ungio.

Daktari huanza kwa maswali, na majibu mnayo ninyi. Maumivu huzidi ukitembea au ukipumzika? Asubuhi viungo hukakamaa kwa muda gani? Ni kimoja au ni vingi? Goti la mtu mzima linalouma akipanda vilima vyetu vya mawe na kutulia akiketi, kwa kawaida limelika gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa. Vidole vya mikono yote miwili vinavyovimba na kukakamaa kwa saa nzima kila asubuhi ni habari nyingine: huenda kinga ya mwili yenyewe inashambulia maungio, na kuchelewa kwa miezi huacha ulemavu. Kidole gumba cha mguu kinachowaka ghafla usiku huelekeza kwenye jongo.

Homa ikiambatana na viungo kuuma mwili mzima, pima malaria, lakini kumbuka kuwa virusi nao wamo. Jina chikungunya, ambalo sasa linatumika duniani kote, ni neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja. Lilitokana na mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953 katika Uwanda wa Makonde, kusini mwa nchi yetu.

Yapo yasiyongoja kesho. Kiungo kimoja kilichovimba na chenye joto, pamoja na homa, huenda kina usaha ndani. Mgongo unaouma huku miguu ikilegea au mkojo ukishindwa kuzuilika, ni hospitali siku hiyohiyo. Mtoto anayechechemea asichuliwe tu nyumbani. Selimundu ipo kwa wingi Kanda ya Ziwa, na maumivu yanayohama kutoka kiungo hadi kiungo baada ya koo kuuma huweza kuwa ya homa inayoharibu vali za moyo.

Sasa nije kwenye dawa. Diklofenaki na ibuprofeni ni za ukoo mmoja. Kuzimeza zote mbili hakuongezi nafuu, bali huongeza hatari ya vidonda vya tumbo, kuumia kwa figo na kupanda kwa shinikizo la damu. Choo cheusi kama lami ni dalili ya kutoka damu tumboni. Parasetamoli ni salama zaidi kwa tumbo, lakini mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Vidonge ambavyo mtaani huitwa diklopa huchanganya diklofenaki na parasetamoli. Anayeongeza Panadol juu yake amerudia dawa ileile bila kujua. Methotreksati, inayotolewa na daktari kwa wale ambao kinga yao inashambulia maungio, humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kumewahi kuua watu. Mwombe mfamasia aandike jina la siku hiyo kwenye pakiti.

Kinachotutia hofu zaidi ni unga na vidonge visivyo na lebo, vinavyoondoa maumivu kwa kasi ya ajabu. Sina ugomvi na tiba asili. Ina Baraza lake kisheria. Lakini mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa maonyo kuhusu bidhaa za Artri King, zilizouzwa kama virutubisho vya viungo, baada ya kukuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni ambazo lebo haikuzitaja. Deksamethasoni huleta nafuu haraka, kisha uso huvimba, sukari hupanda, mifupa hudhoofu. Na aliyeitumia kwa wiki nyingi akiacha ghafla anaweza kuzimia, hata kufa. Hivyo ukijitambua kuwa ndiwe, usiitupe leo: nenda nayo kituoni, daktari akupunguzie hatua kwa hatua.

Kwa goti lililolika gegedu, kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito huleta faida ya kudumu ambayo kidonge hakina. Mazoezi hayauzwi dukani, na nadhani ndiyo sababu hayatangazwi. Mgongo uliochoka kwa kubeba magunia nao, usipokuwa na dalili nilizotaja, kwa kawaida hupona ndani ya wiki chache, na kulala kitandani siku nyingi huuchelewesha.

Mkienda hospitalini, iwe hapa wilayani, Sekou Toure au Bugando, bebeni kila mnachokimeza, pamoja na kile cha mganga. Dawa ikikudhuru, mweleze mtoa huduma na uombe taarifa ifikishwe ofisi yetu ya Kanda hapa Mwanza. Tunza pakiti hata ikiwa tupu. Namba ya toleo iliyochapwa pembeni ndiyo inayotuwezesha kuzifuatilia zilizobaki madukani.