Chungu ni Kimoja
Maneno ya Kamati ya Elimu kwenye mkutano wa mwaka wa wana-nyumbani

  

Kamati ya Elimu tumepewa dakika chache tuwape habari za shule yetu ya msingi kule mlimani. Tutaanza na shukrani, tutakiri jambo moja, kisha tutaomba.

Kwanza, asanteni. Michango yenu ya mwaka jana imeezeka upya madarasa mawili ya upande wa bondeni, yale ambayo wengi wetu humu tulisomea. Mnakumbuka masika yalivyokuwa: mvua ikianza, mwalimu ananyamaza kwa sababu hasikiki, na sisi tunasogeza madawati kukwepa matone. Sasa bati ni jipya, mifereji ya kukingia maji imefungwa, na tangi limejaa. Mafundi walitoka kijijini, na mchanga wazazi waliubeba kwa msaragambo, kama zamani.

Madarasa yale yalijengwa na wazazi wetu baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilipoazimia kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo 1977. Walifyatua matofali, wakabeba mawe kichwani, wala hakuna aliyewachapishia brosha. Kwa hiyo tulichofanya sisi mwaka jana ni kulipa sehemu ndogo ya deni.

Sasa tukiri. Siku ya kukabidhi madarasa tulipanda mlima na magari yetu. Tulichinja, tukala, tukapiga picha mbele ya kibao chenye jina la chama, tukashuka tumefurahi. Baadaye wajumbe wa kamati tulirudi shuleni siku ya kawaida, bila hotuba wala turubai. Kengele ya chakula ikalia, watoto wakapanga foleni na sahani zao. Makande yalikuwepo, lakini kila mtoto alipata upawa mmoja tu, nao haukujaa.

Tulimwuliza mwalimu mkuu, akatueleza. Si wazazi wote wanaochangia mahindi na maharage. Huko nyuma, watoto waliochangiwa walikula, na wasiochangiwa walikaa chini ya miti kusubiri kengele ya vipindi vya mchana. Walimu na kamati ya shule wakaona hilo haliwezekani, maana mtoto hachagui mzazi wala hachagui mvua. Wakaamua chungu kiwe kimoja na wote wale. Ndiyo maana upawa haujai. Ndiyo maana pia, ghala za nyumbani zinapopungua wakati wa masika, chungu hufunikwa kabla muhula haujaisha.

Mwalimu mmoja alituambia kwamba hisabati ameihamishia asubuhi, kwa sababu mchana watoto wanalalia madaftari. Tulitazama juu tukaona bati letu jipya linang'aa. Chini yake watoto wana njaa, na sisi hatukuwahi kuuliza.

Wapo watakaosema: si elimu ni bure? Ni kweli, tangu mwaka 2016 ada na michango ya lazima viliondolewa, na jambo hilo limeleta shuleni watoto wengi ambao wangebaki nyumbani. Lakini tufanye hesabu. Ruzuku ya uendeshaji iliyopangwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na kati ya hizo 4,000 ni za vitabu. Zinazobaki kwa ajili ya shule ni 6,000. Zigawe kwa siku 194 za masomo, unapata kama shilingi 31 kwa mtoto kwa siku. Humo mna chaki, mitihani, ukarabati na karatasi za ofisi. Chakula kimeachwa mikononi mwa wazazi na jamii. Hatumlaumu mtu, tunaeleza hesabu.

Wapo pia watakaouliza: kwa nini wazazi wote wasichange? Wengi wanachanga. Lakini fedha ya tangawizi haiji kila mwezi, na bei ikianguka inaanguka kwa wote. Tena kuna jambo ambalo tuliambiwa kwa upole. Baadhi ya watoto wasiochangiwa wanalelewa na bibi na babu zao. Wazazi wao wako mjini. Ndugu zangu, tusitazamane. Watoto hao ni wetu sisi tulioko ukumbini humu.

Kwa hiyo mwaka huu hatuombi jengo, wala hakutakuwa na kibao. Tunaomba mambo matatu.

La kwanza ni sahani ya mwaka. Tukikadiria gramu 125 za mahindi makavu na gramu 40 za maharage kwa mtoto kwa siku, basi kwa siku 194 mtoto mmoja anahitaji kilo 24 na robo za mahindi na karibu kilo 8 za maharage. Hiyo ni zaidi ya debe moja la mahindi. Kila mmoja wetu achukue sahani moja. Anayeweza tano achukue tano. Mwenye mtoto au mpwa pale shuleni aanze na sahani ya huyo wake, kisha aongeze ya mtoto wa jirani. Tutanunua nafaka tambarare wakati wa mavuno, bei ikiwa nafuu, badala ya kusubiri masika.

La pili ni ghala. Mahindi bila hifadhi ni chakula cha dumuzi. Shule ina chumba kinachofaa. Kinahitaji mlango imara, vichanja vya mbao vya kuinua magunia kutoka sakafuni, na mifuko isiyopitisha hewa.

La tatu ni mikono yetu. Desemba wengi tunapanda nyumbani kwa sikukuu. Tutenge siku moja ya msaragambo shuleni. Tutapanda miti ya kuni upande wa juu wa uwanja, tutarekebisha jiko, na tutalima kipande cha mboga karibu na tangi. Njooni na majembe, na watoto wenu wa mjini waje pia, waone shule iliyotusomesha.

Wazazi wa kijijini wamekubali kuendelea kuleta kuni, chumvi na sehemu ya maharage, na kuwalipa mama wapishi. Hesabu za kila kilo inayoingia na kutoka zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule, na nakala itatumwa kwenye kundi letu la WhatsApp kila mwisho wa muhula. Tukikosea, mtuulize mbele ya watu.

Wazee wetu walituachia ndiva. Kijito kile ni chembamba, mchana peke yake hakifiki hata shamba la pili. Lakini wazee walijenga kingo kwa pamoja, maji yakakusanyika usiku kucha, na asubuhi mlango ulipofunguliwa yalifika mpaka shamba la mwisho. Aliyekataa kwenda kuzibua tope alijulikana, na zamu yake ya maji ilikuwa na maneno.

Chungu cha shule ni hivyo hivyo. Sahani moja moja, zikikusanywa mapema, zitafika mpaka kwa mtoto wa mwisho kwenye foleni. Fomu za sahani ya mwaka ziko mezani pale mlangoni. Tunaomba pasiwepo mtu atakayetoka kwenda kula bila kupita pale kwanza.