Urais ni Dhamana, Si Milki



Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 yamtaka Rais awe raia wa kuzaliwa, mwenye umri usiopungua miaka 40. Yeye ndiye Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Wala hafungwi na ushauri wa mtu, isipokuwa sheria ikimtaka.

Madaraka mazito hivyo yahitaji mpaka. Ndiyo maana Rais huapa kuilinda Katiba, na Bunge laweza kumshtaki na kumwondoa. Tangu mwaka 1984 vipindi vyake ni viwili tu. Ndugu Mwinyi (1995), Mkapa (2005) na Kikwete (2015) waliheshimu mpaka huo, wakakabidhi ofisi kwa amani.

Mwalimu afundishe, mtumishi akumbuke: kumtii Rais ni kuitii Katiba iliyomweka.