Kutoka Ubaoni hadi Ukocha wa Teknolojia: Uzoefu wa Shule za Simiyu



Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu nchini baada ya kazi ya kuhesabu watu kwisha. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka mtandaoni vitabu vya kiada na moduli za MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Anayehitajika sasa katika wilaya zetu za Simiyu, yaani Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ni kocha wa teknolojia: mtu wa kukaa na mwalimu mpaka kishikwambi kiingie kwenye somo.

Mara nyingi tunamteua kijana mwepesi wa kompyuta. Naona tunakosea. Ateuliwe kwanza anayejua kufundisha. Mambo ya programu atajifunza. Chukueni somo la moyo na mzunguko wa damu, darasa la wanafunzi tisini, kishikwambi kimoja, mtandao wa kusuasua. Fundi wa kompyuta atatafuta projekta. Mwalimu mzoefu atapakua video jana yake mahali penye mtandao, ataitazama na mwenzake, kisha watapanga kipi kichorwe ubaoni, kundi lipi litazame kwanza, na wengine wafanye zoezi gani wakati huo. Hayo yote yanaandikwa kwenye andalio la somo kabla ya kishikwambi kuwashwa.

Kazi hii ina ugumu ambao darasani hatukuuzoea. Darasani mwalimu ndiye mtendaji. Kocha anatakiwa kuuzuia mkono wake. Akimpokonya mwenzake kishikwambi ili "amsaidie haraka", somo la siku hiyo litaendelea, lakini kesho mwalimu yule hatakigusa. Tena katika mkoa wetu kocha anaweza kumkuta shuleni mwalimu aliyemfundisha darasa la tatu. Huyo anapewa shikamoo yake, anaombwa aeleze somo lake analifundishaje, na mazoezi ya kifaa yanafanyika ofisini wawili peke yao. Kamwe asisahihishwe mbele ya wanafunzi. Heshima hiyo ndiyo inayomfanya mtu mzima akubali kuanza upya.

Jambo jingine ni daftari ambamo kocha huandika anayoyaona kwa mwalimu. Mwalimu akihisi kwamba yanayoandikwa humo yatafika kwa Wathibiti Ubora wa Shule au Tume ya Utumishi wa Walimu, atafundisha somo la maonyesho na kuficha asichokijua. Basi daftari hilo libaki kati ya wawili hao. Kwenye Jumuiya ya Ujifunzaji ya shule, walimu wanapojifunza pamoja, mwenye somo aeleze mwenyewe kilichomshinda, akitaka.

Sipendekezi kocha aondolewe darasani moja kwa moja. Abaki na vipindi vichache, ili ushauri wake upimwe na wanafunzi wake mwenyewe. Lakini kumwachia mzigo kamili wa vipindi halafu kumtaka asaidie shule za kata nzima ni kumwonea, na kazi zote mbili zitalala.

Nawaomba wakurugenzi wa halmashauri, Maafisa Elimu Kata na walimu wakuu mliopo hapa: mnapopanga ratiba za muhula ujao, mpunguzieni kocha vipindi kwa maandishi, mtengeeni siku maalumu za kutembelea shule, na nauli na bando viingizwe kwenye bajeti badala ya kutoka mfukoni mwake.