Ushindi wa Iten hautoki kwenye damu pekee

Kila Mkenya anapovunja rekodi ya marathoni, swali huwa lile lile: je, ni damu ya Wakalenjin? Watafiti wa Denmark, wakiongozwa na Bengt Saltin, waliwapima vijana wa Nandi, moja ya jamii za Wakalenjin, wakakuta wana tafu nyembamba, ambazo hupunguza nguvu zinazotumika kila hatua. Hilo tulikubali. Lakini hakuna jeni moja lililothibitishwa kuzaa bingwa, na Wakalenjin ni mamilioni. Wengi wao hawajawahi kushindana popote.

Kuna pia mwinuko na ukocha: Iten, mji wa Wakalenjin nchini Kenya, uko takribani mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1976 alifika pale Colm O'Connell kutoka Ireland kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's, bila kusomea ukocha. Mmoja wa wanafunzi wake wa mbio ni David Rudisha, mtoto wa baba Mmaasai aliyeshinda medali ya fedha Mexico 1968. London 2012, Rudisha alikimbia mita 800 kwa 1:40.91. Je, ushindi huu tuuite damu, malezi, mwinuko au kocha? Vyote vimo, na anayetaja damu tu anawanyang'anya wanariadha hawa jasho lao la alfajiri.