Visiwa Vilivyo Ndani ya Tumbo

Leo tunakwenda visiwani, ila si vya baharini: ni vile vilivyomo ndani ya kongosho, nyuma ya tumbo la chakula.

Mwaka 1869, mjini Berlin, kijana wa miaka 21 aliyekuwa akisomea utabibu, Paul Langerhans, alichungulia kongosho la sungura kwa hadubini. Akaona vijirundo vidogo vya seli vimetawanyika humo. Vina kazi gani? Aliandika waziwazi kuwa hajui. Baadaye maradhi ya kifua yakamhamishia kisiwa cha Madeira, akawatibu watu wa huko, na huko akafariki mwaka 1888.

Mwaka uliofuata, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho lake. Mbwa akaanza kukojoa sukari, yaani akapata kisukari. Na mwaka 1893, Mfaransa Édouard Laguesse akavipa vijirundo vile jina: visiwa vya Langerhans. Mwenye jina alikuwa kaburini miaka mitano, kisiwani, bila kujua visiwa vyake vilikuwa vya nini.

Januari 1922, mjini Toronto, kijana wa miaka 14 mwenye kisukari, Leonard Thompson, alidungwa dawa iliyokamuliwa kwenye kongosho la ng'ombe. Sindano ya kwanza haikufaa. Dawa ikasafishwa, akadungwa tena baada ya siku 12, na sukari ikashuka. Dawa hiyo ni insulini, inayotengenezwa na visiwa vile vya Langerhans, na jina lake limetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa.

Lakini sindano, wapenzi wasikilizaji, ni maji ya kuletewa kwa mashua. Leo yamefika, kesho utayangoja tena. Ndipo wataalamu wakauliza: je, kisiwa chenyewe hakiwezi kukaliwa upya?

Njia ya kwanza ni kuleta wahamiaji. Mwaka 2000, James Shapiro na wenzake wa Edmonton, Kanada, walieleza habari za wagonjwa 7 waliopandikizwa visiwa vya watu waliofariki, wakaacha sindano. Sharti lake: dawa za kuutuliza mwili usiwafukuze wageni hao.

Njia ya pili ni wenyeji waliosalia wazaane. Mwaka 2004, Yuval Dor na Douglas Melton wa Harvard walionyesha kwamba kwa panya waliokomaa, seli mpya za insulini huzaliwa hasa na seli za insulini zilizokuwapo. Basi ukaanza msako wa vichocheo vya ukuaji, yaani chembe zinazoiamuru seli igawanyike. Mwaka 2013 maabara ya Melton ilitangaza kichocheo kimoja, betatrofini, na dunia ikashangilia. Majaribio yaliporudiwa hayakutoa matokeo yale, na mwaka 2016 watafiti wenyewe wakaifuta makala yao. Huo nao ni uungwana wa elimu.

Sasa tutoke Amu, tuvuke mkondo twende kisiwa cha Manda, kwenye magofu ya mji wa Takwa. Mji ule ulihamwa katika karne ya 17, watu wakaenda Shela, ng'ambo ya mkondo. Wazee husema visima viligeuka chumvi. Hadi leo watu wa Shela huvuka kwenda kuomba dua kwenye kaburi la nguzo, kisha hurudi kwao. Hakuna aliyerudi kuishi Takwa, kwa sababu kuwarudisha watu bila kukitengeneza kisima ni kazi bure.

Na kongosho ni hivyo hivyo. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili ndiyo inayoziua seli za insulini. Ukiziotesha mpya na kinga haijatulizwa, nazo zitauawa. Kwa hiyo akija mtu barazani na chupa ya dawa ya kuotesha kongosho, mpe kahawa tungu, msikilize, halafu umuulize: na kisima je?

Sindano yako usiiache. Mashua bado ndiyo inayoleta maji.