Neno "Mzima" Katika Soko la Farasi

Katika biashara ya farasi nchini Uingereza hakuna neno litamkwalo kwa wepesi kama neno "mzima". Kwa muuzaji, farasi mzima ni huyu aliyesimama hapa akitafuna majani. Kwa daktari wa mifugo, ni mnyama asiye na ugonjwa wala kilema cha kumzuia kufanya kazi aliyonunuliwa. Baina ya tafsiri hizo mbili wapo waliopoteza fedha zao, na wapo waliovunjika mifupa.

Hila zenyewe ni za kale. Umri wa farasi husomwa kinywani: meno ya utoto hung'oka jozi baada ya jozi, na afikapo miaka 5 meno ya utu uzima huwa yamekwishatimia. Baada ya hapo hutazamwa vishimo vyeusi vilivyo juu ya meno ya mbele, ambavyo hufutika kadiri miaka ipitavyo. Walanguzi wa zamani walilijua hilo, wakachimba vishimo vipya katika meno ya farasi mzee na kuvitia weusi kwa chuma cha moto. Wengine walimtia mnyama mchovu kipande cha tangawizi chini ya mkia, ili mwasho umfanye auinue mkia na kurukaruka kama kijana. Waliosoma fiqhi watakumbuka hila iliyo ndugu ya hiyo: kumwacha ngamia au kondoo bila kukamwa siku kadhaa ili kiwele kionekane kimejaa. Mtume aliikataza, na mnunuzi akapewa hiari ya kumrudisha mnyama.

Siku hizi tangawizi imeachia nafasi dawa. Dawa ya kutuliza maumivu huficha kuchechemea, na sindano ya kupumbaza humfanya farasi mkorofi awe mpole kwa saa chache za kujaribiwa. Ndiyo maana daktari amkaguapo farasi kabla ya mauzo huchukua damu, ikahifadhiwa, kwa kawaida kwa miezi 6, ili ipimwe mgogoro ukizuka.

Lakini si kila udanganyifu huhitaji dawa. Mwingi hufanywa kwa maneno matupu, na mahakama zimehangaika nayo kwa muda mrefu. Mwaka 1854 bwana mmoja, Hopkins, alikuwa akiipapasa miguu ya farasi katika zizi la mnada wa Tattersall's mjini London. Mwenye farasi, Tanqueray, akamwambia asijisumbue kutafuta kitu, kwani mnyama ni mzima kwa kila hali. Hopkins akaacha kukagua, na siku ya pili akamnunua mnadani. Farasi hakuwa mzima. Mahakama ikasema hapakuwa na dhamana yoyote: mnada ule ulijulikana kuwa wa kuuza bila dhamana, na maneno ya zizini yalikuwa maoni tu ya mtu mkweli.

Mwaka 1913 kesi nyingine kutoka Ireland, baina ya Schawel na Reade, ilifika mbele ya majaji wa Baraza la Malordi. Mnunuzi alitaka dume la kupandishia. Naye pia alikuwa katikati ya kumkagua mnyama alipoambiwa hakuna haja ya kutafuta chochote, kwani farasi ni mzima, na angekuwa na dosari angeambiwa. Akaacha, na wiki kama tatu baadaye akamnunua. Ikabainika kwamba dume lile lilikuwa na maradhi ya macho ya kurithiwa, halifai kwa uzazi. Safari hii majaji walisema maneno yale yalikuwa dhamana kamili, kwa kuwa yalikusudiwa yategemewe na mnunuzi akayategemea.

Maneno yalikaribia kuwa yale yale, na hukumu zikapishana. Ni vigumu kumlaumu mnunuzi wa kawaida akishindwa kujua amesimama upande upi.

Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 imempa ngao anayenunua kwa mfanyabiashara. Farasi asiyelingana na maelezo aweza kurudishwa ndani ya siku 30, na dosari ikionekana katika miezi 6 ya mwanzo, mara nyingi ni muuzaji atakiwaye kuthibitisha kwamba haikuwapo. Anayenunua kwa mtu binafsi hana ngao hiyo. Huyo muuzaji hatakiwi kusema uongo, lakini kunyamaza, kwa kawaida, si kosa. Hapo ndipo mlango ulipoachwa wazi, na wachuuzi wameuona: hujifanya watu binafsi, jambo ambalo sheria inalikataza, wakatangaza kwamba binti amekua, hana muda tena, farasi anauzwa kwa huzuni. Na tangazo lisemapo mnyama "anahitaji mpandaji mwenye uzoefu", huenda lina maana kwamba amekwisha kumwangusha mtu.

Tangu Oktoba 2020 kila farasi huko England, isipokuwa wachache waishio porini, hutakiwa kuwa na chipu ya utambulisho chini ya ngozi, pamoja na pasipoti. Pasipoti hiyo hutaja umri, rangi, alama za mwilini na chanjo. Haina ukurasa unaoeleza kama mnyama hugutuka akipitwa na lori. Hilo wanunuzi waangalifu humwuliza muuzaji kwa maandishi, na jibu lake hulihifadhi.