Mugariga baada ya kikombe

Msikilizaji, ukitaja mugariga mbele ya Mtanzania mwenye umri wa kutosha, kinachomjia kichwani ni foleni. Mwaka 2011 magari yalijipanga kilomita kwa kilomita katika vumbi la Loliondo kuelekea kijiji cha Samunge, kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, maarufu kama Babu. Kikombe kimoja cha mizizi ya kichaka cha mugariga iliyochemshwa, shilingi 500. Kisukari, pumu, saratani, Ukimwi, yote kikombe hichohicho. Wapo waliotolewa wodini kupelekwa huko, na wapo waliofia njiani. Vikombe vingine vikazuka mikoani. Babu alifariki mwaka 2021. Kichaka chenyewe kipo, nacho ndicho ninachokitetea leo.

Kwa maana kilitwishwa mzigo usio wake. Babu mwenyewe alisema wazi kwamba dawa ile hufanya kazi ikitoka mkononi mwake, palepale Samunge, kwa neno la Mungu. Hata kwake yeye, basi, mzizi peke yake haukutosha.

Wachungaji wa mifugo wanakijua kichaka hiki bila miujiza. Kina miiba mikali, maua meupe yenye wekundu kwa mbali na harufu nzuri, na matunda madogo yanayoiva yakawa meusi na matamu; watoto huyamaliza kabla hayajafika nyumbani. Wakikuyu hukiita mukawa, Wamaasai olamuriaki. Wamaasai huchemsha mizizi yake, wakaitia kwenye supu ya nyama kwa ajili ya maumivu ya viungo, kifua na tumbo. Napenda utaratibu huo. Dawa imo ndani ya chakula, haina kelele, na hakuna anayetupa vidonge vyake kwa sababu amekunywa supu.

Maabara nazo zimekichungulia. Mwaka 2006 watafiti wa Kenya, wakiwemo wa taasisi ya KEMRI, walichapisha matokeo kwamba dondoo ya mizizi yake ilizuia virusi vya hepesi, vile vinavyoleta malengelenge mdomoni na sehemu za siri. Nchini Ethiopia magome ya mizizi yalionekana kuongeza mkojo. Habari njema, ila waliopona na waliokojoa hapo ni panya, msikilizaji, si shangazi yako.

Sasa niseme linalonitia hofu. Mugariga una ndugu wa ukoo mmoja anayeitwa msunguti. Huo nao una utomvu mweupe, maua yenye harufu na matunda ya zambarau iliyokolea, na kutoka kwake Wakamba na Wagiriama walipika sumu ya mishale, sumu inayosimamisha moyo. Porini tofauti unaiona kwa jicho: msunguti hauna miiba. Sokoni hakuna jani wala mwiba. Kuna vipande vya mizizi kwenye gazeti, au unga kwenye chupa iliyokuwa ya maji, na muuzaji ambaye pengine hakuichimba yeye. Tangu mwaka 2002 Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na lipo Baraza la kusajili waganga. Chupa ile haijui habari hizo.

Kwa hiyo anayekuuzia mugariga mwombe tawi, lenye majani na miiba yake. Akikosa, pesa ibaki mfukoni. Anayechimba mwenyewe akate mizizi ya pembeni na kufukia shimo, maana kukata mzizi mkuu ni kuua kichaka kizima. Na wewe unayemeza dawa za moyo au za presha, mwambie daktari unachokunywa kabla hujaandikiwa nyingine. Akikunja uso, mwambie hivyohivyo.